Kiharusi Hakijaharamisha Bahari

Katika miji na vijiji vya mwambao wetu, kuanzia Vanga hadi Mtwara, ipo hukumu isiyosubiri ushahidi: aliyepata kiharusi asiguse tena bahari. Awe mvuvi, awe mama mkulima wa mwani, awe mstaafu aliyezoea kuogelea alfajiri, akishapooza upande huwekwa barazani akakandwa mafuta, na habari ya maji ikaishia kwenye ndoo ya kuogea. Wenye hukumu hiyo wana sababu mbili. Wengine husema baridi ya maji itaurudisha ugonjwa. Wengine husema baharini ndiko yaliko majini yaliyompiga. Nasema hukumu hiyo ni mbovu, na ubovu wake unaanzia pale inapoyafunga kamba moja mambo matatu yasiyofanana: kusimama kwenye maji ya kiunoni, kuogelea, na kupiga mbizi.

Nianze na majini, maana ndiyo yanayozungumzwa kwa kunong'ona na kuaminiwa kwa nguvu. Watafiti waliohesabu viharusi Tanzania kati ya 2003 na 2006 walikuta kwamba, umri wa watu ukishasawazishwa, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai, mkoani Kilimanjaro, 108.6. Utafiti mwingine ulioyalinganisha maeneo hayohayo uliwauliza watu kiharusi kinatoka wapi. Ungetegemea vijijini ndiko kutajwe mapepo. Ilikuwa kinyume: wa mjini walitaja zaidi majini na uchawi, wa vijiji vya Hai wakataja presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Wa Hai walikuwa karibu zaidi na ukweli. Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au uliopasuka, na presha ndiyo kichocheo chake kikubwa kuliko vyote. Familia inayomkataza baba yao bahari huku vidonge vya presha vikimwishia bila mtu kuuliza imefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Mtu akisimama kwenye maji ya kiunoni, maji hubeba karibu nusu ya uzito wake. Yakifika shingoni, hubeba karibu sehemu tisa kati ya kumi. Mguu usioweza kumbeba mwenyewe sebuleni unaweza kupiga hatua humo, na akiyumba anaanguka polepole kiasi cha kuwahiwa. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la watu 12 waliokuwa wameishi na athari za kiharusi kwa muda mrefu. Waliofanya mazoezi majini, saa moja mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, waliongeza pumzi, mwendo na nguvu za mguu dhaifu kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya mikono nchi kavu. Watu 12 ni wachache, nakubali. Mapitio ya mwaka 2011 yaliyokusanya majaribio manne, jumla ya watu 94, yalisema ushahidi bado hautoshi kuthibitisha wala kukanusha kwamba mazoezi hayo yanamrudishia mtu shughuli zake za kila siku. Basi na tuseme hivyo hivyo bila kutia chumvi. Lakini anayekataza ana jaribio gani mkononi? Hana hata moja. Kinachojulikana vizuri zaidi ni hasara ya kukaa: miongozo ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2014 inawataka waliopona kiharusi wafanye mazoezi ya kuongeza pumzi siku tatu hadi tano kwa wiki, kila mtu kwa kadiri ya hali yake.

Hoja ya baridi ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo ni wa bahari za wengine. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 hukata pumzi ghafla, hubana mishipa na kupandisha presha. Bahari yetu ya mwambao kwa kawaida iko nyuzi 25 au zaidi. Hatari zenyewe ziko kwingine na watu hawazitaji. Maji ya shingoni husukuma karibu mililita 700 za damu kutoka miguuni na tumboni kwenda kifuani, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu asifike huko kabla hajapimwa. Wapo wanaopata kifafa baada ya kiharusi, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wenye kifafa hufa maji mara 15 hadi 19 zaidi ya watu wengine. Wapo wasioona upande mmoja, wimbi likawafikia kutoka huko. Wapo wanaopaliwa hata na mate. Hao ndio wa kuzuiwa, au kuingia na mtu aliye karibu nao kiasi cha kuwashika, tena kwa kiwiliwili na si kwa kuwavuta mkono uliopooza, maana bega hilo huchomoka kwa urahisi.

Kwenye kupiga mbizi nakubaliana na wazee, ingawa si kwa sababu zao. Mita kumi tu chini, mgandamizo unaoubana mwili huwa mara mbili ya ule wa juu. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu kidogo kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikufunga baada ya kuzaliwa. Kitundu hicho kinaweza kupitisha donge la damu likaleta kiharusi, na kinaweza kupitisha mapovu ya gesi kwa anayepanda kutoka kilindini. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu anaweza kuvuja damu masikioni. Ndiyo maana madaktari wa uzamiaji huiweka historia ya kiharusi kwenye hatari kubwa. Mtaniambia mvuvi anayezamia majongoo bahari hana kazi nyingine. Kweli, na inauma. Lakini kushona nyavu au kulima mwani maji yakipwa hakumpeleki mita kumi chini. Na mpiga mbizi anayepooza muda mfupi baada ya kuibuka na mtungi wa hewa, huenda hakupata kiharusi wala hakupigwa na jini: huenda ni mapovu ya gesi, na kinachotakiwa upesi ni oksijeni na chemba ya mgandamizo.

Mwingine atasema hatuna mabwawa wala wataalamu wa fiziotherapia wa kutosha. Ni kweli hatuna. Tuna fukwe za mchanga, na tuna watu wanaojua kusoma maji. Siku za maji mafu mkondo si mkali kama wa bamvua. Mguu usiohisi hautajua umekanyaga kigae, kwa hiyo mgonjwa avae viatu vya plastiki. Presha ipimwe zahanati kabla, maji yaishie kiunoni, na mtu mzima asimame upande uliopooza. Na kliniki inayoandika "apumzike" ieleze apumzike na nini, hadi lini, maana neno hilo moja likifika nyumbani hugeuka kifungo cha maisha.