Deni Lililokwisha Kulipwa

Msomaji, umewasikia wanaomnyoshea kidole kijana aliyetoka kifungoni: "Mwizi ni mwizi, tumwepuke." Mimi nashikilia ya kwamba maneno hayo ni dhuluma, tena ni ujinga.

Tazama yaliyotukia Marekani. Mwaka wa 1953, mjini Philadelphia, mvulana wa miaka 15, jina lake Joe Ligon, alikamatwa kwa kosa la mauaji, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijifunza humo humo gerezani. Alitoka mwaka wa 2021, mzee wa miaka 83, akayastaajabia majumba marefu ya mji ule. Wafungwa wa namna yake walianza kufunguliwa kwa wingi baada ya mwaka wa 2016, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamuru kwamba hata waliohukumiwa zamani, wakiwa watoto, wafikiriwe upya. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2019 watu 174 walikuwa wameachiliwa katika mji huo. Waliotiwa hatiani tena kwa makosa mapya walikuwa wawili. Wawili tu! Na baadhi ya wenzao wamejitwika kazi ya kuwaongoza vijana walioanza kupotea, kazi ambayo wewe na mimi hatuna ujuzi nayo.

Utanijibu ya kwamba hao ni wazee, na uzee hupoza damu. Kweli. Lakini hapa kwetu Kenya mvulana apelekwaye Shikusa au Shimo la Tewa hawekwi zaidi ya miaka mitatu. Hurudi angali kijana, mikono yake imefunzwa useremala au ushonaji. Serikali imegharimia mafunzo hayo. Ajabu ni kwamba anaporudi kijijini hapana ampaye hata ubao mmoja wa kuranda! Halafu akiiba tena, twapiga makofi na kusema, "Si tulisema?" Nani aliyemsukuma?

"Na aliyeibiwa je?" Machozi yake ni ya haki, wala simwombi asahau. Ila kijana akikaa bure barazani, ng'ombe aliyepotea hatarudi. Akifanya kazi, huenda siku moja akamlipa mwenyewe.

Basi nakuuliza wewe uliye shuleni. Madawati yenu yaliyovunjika yamerundikwa nyuma ya darasa tangu muhula uliopita. Kijana huyo akija langoni na randa yake mkononi, mtamfungulia?