Mashua ya umeme isiyo na kipimo cha kweli isibebe abiria

Kazi yangu ni kufunga mota za umeme kwenye mashua hapa Lamu. Mteja akija, swali lake la kwanza huwa ni nguvu: itanifikisha Shela kwa mwendo gani? La pili ni bei. Swali la atajuaje amebakiwa na chaji kiasi gani akiwa katikati ya mkondo, mara nyingi nalileta mimi. Nikimtajia bei ya kipimo, wengi hujibu, "Fundi, hicho tutakiweka baadaye." Mimi nasema hapana. Mashua ya umeme isiyo na kipimo cha kweli isiruhusiwe kubeba abiria.

Siipingi mota ya umeme. Haina moshi, haina kelele, haichafui ngama kwa mafuta, na jua la kuichaji tunalo. Lakini chombo cha tanga huwasha mota pale upepo unapokataa: bahari ikiwa shwari, wakati wa kuingia gatini, au kwenye mkondo mwembamba wa Mkanda maji yakiwa yanakupwa. Yaani mota huitwa wakati nahodha hana msaada mwingine. Ikimwangusha hapo, imemwangusha kwenye saa ya hatari.

Tatizo kubwa ni voltimita. Manahodha wetu waliizoea kwenye betri za asidi, na kule ilikuwa na maana: betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7, ikifika nusu husoma kama 12.2. Betri za lithiamu tunazofunga siku hizi, zile za fosfati ya chuma, hazina tabia hiyo. Betri ya seli 16 ni ya volti 51.2. Kutoka asilimia 90 ya chaji hadi 30, volti zake zikiwa zimepumzika hazishuki hata mbili. Ukikanyaga mota, volti zinashuka kiasi hicho hicho kwa sababu ya mzigo tu. Sasa nahodha atatofautisha vipi betri inayoelekea kuisha na betri iliyobebeshwa mzigo?

Jambo hili nimeliona kwa macho. Nilikuwa abiria kwenye mashua ya jirani yangu, tukirudi kutoka Manda jioni, upepo umelala. Voltimita ilisoma 51 mota ikifanya kazi, na nahodha akatwambia tusiwe na wasiwasi. Muda si muda mota ikanyamaza. Haikupunguza nguvu kwanza wala haikutoa dalili. Seli moja dhaifu ilikuwa imeshuka mno, na saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ikakata umeme ili kuiokoa seli hiyo. Betri ikasalimika, sisi tukabaki tunakokotwa na maji hadi nanga iliposhika. Mashua ile ilikuwa na watoto.

Kipimo ninachokitaka kinaitwa shanti. Ni vipande viwili vizito vya shaba nyekundu au njano vilivyounganishwa kwa mabamba membamba ya metali maalumu, na hufungwa kwenye waya hasi wa betri. Umeme wote ukipita hapo huacha alama ndogo ya volti. Kwenye shanti ya ampea 500, kila milivolti moja ni ampea 10. Kifaa kidogo kinasoma alama hiyo mfululizo, kinahesabu kilichotoka na kilichoingia, kisha kinamwonyesha nahodha asilimia iliyobaki.

Lakini nacho kina masharti. Kila waya hasi lazima upite upande wa pili wa shanti. Nimekuta mashua ambazo pampu ya ngama na taa zimefungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo umeme unatumika na kipimo hakina habari. Tena betri ijazwe hadi mwisho mara kwa mara ili hesabu ianze upya, la sivyo makosa madogo yanajikusanya. Na ukubwa halisi wa betri uandikwe kwenye kifaa. Kwa wenye betri za asidi, Mjerumani Wilhelm Peukert alishaonyesha tangu mwaka 1897 kwamba ukizikamua kwa nguvu hutoa pungufu ya kilichoandikwa ubavuni.

Kipimo hiki humfundisha nahodha pia. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi kama sehemu moja ya nane. Betri ya uniti 5 (kilowati-saa 5) inayoendesha mota kwa wati 4,000 huisha kwa saa moja na robo. Mota hiyo ikienda kwa wati 500, betri hiyo hiyo inachukua saa 10. Mwendo umekuwa nusu, lakini safari imekuwa ndefu mara nne. Nahodha anayeona ampea mbele yake hupunguza mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wasitoe mota bila shanti, na bei yake iwe ndani ya bei ya mota. Mafundi wenzangu, tusikubali kufunga nusu kazi. Mamlaka ya bahari, KMA, inapokagua majaketi ya kuokolea maisha kabla ya kutoa leseni, ikague na kipimo hiki. Manahodha, theluthi moja ya betri isiguswe ila kwa dharura.

Nawe abiria, una haki ya kuuliza kabla ya kupanda: "Nahodha, betri imebaki asilimia ngapi?" Akikujibu kwa volti, ngoja chombo kingine.