Hedhi inapoanza kuaga, mama asijisahau

Ni saa nane usiku, Newala. Nje upepo wa uwandani unavuma na majirani wamejifunika mablanketi. Mama wa miaka 49 amekaa kitandani, kanga imelowa jasho na moyo unamwenda mbio.

“Mama watoto, una homa?” mumewe anauliza.

“Hapana baba, joto tu. Wewe lala.”

Asubuhi anameza vidonge vya malaria vilivyobaki kabatini, anabeba ndoo na kwenda kwenye mikorosho. Wiki inayofuata joto linarudi, naye anaanza kujiuliza kama amerogwa.

Mama wa namna hii yumo katika nyumba nyingi, juu Newala na chini Masasi kwenye milima ya mawe. Alipokuwa mwali alifundishwa unyagoni hedhi inaanzaje na ajistiri vipi. Somo la namna hedhi inavyoaga, wengi hawakulipata. Ndiyo maana likiwafika hulibeba kimya kimya, na katika ukimya huo dalili za hatari hupita bila kuonekana.

Kila 18 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Ukomo wa Hedhi. Kwa wakulima wa Masasi na Newala, Oktoba ni mwezi wa kuokota korosho na kusubiri mnada, na mama huwa wa mwisho kujikumbuka.

Mwili unabadilika, haujarogwa

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Miaka michache kabla yake, homoni hupanda na kushuka. Hedhi huruka miezi, kisha hurudi. Joto la ghafla hupanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho hutoka usiku, usingizi hukatika, viungo huuma, hasira huja upesi na uke huwa mkavu.

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo pale miezi 12 inapopita bila hedhi na bila sababu nyingine. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia, hivyo asiache uzazi wa mpango bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, amwone daktari.

Homa ipimwe. Kipimo cha malaria cha tone la damu kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Kumeza dawa kwa kubahatisha hakuondoi joto la homoni, na kunaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Usiku wa joto

Nguo ya kulalia iwe nyepesi ya pamba, na kanga kavu iwe karibu na kitanda. Chai ya rangi na kahawa za jioni zipunguzwe, pilipili nyingi na pombe pia, kwa sababu huamsha joto kwa baadhi ya wanawake. Joto likipanda, avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa taratibu kwa mdomo mpaka litulie.

Hali ikizidi hadi kazi zinamshinda, zipo dawa, zikiwemo za homoni. Hizo si za kununua kwa kuambiwa na jirani. Daktari huuliza kwanza habari za presha, damu kuganda na saratani.

Mgongo na ndoo

Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Maji ya mvua huzama mchangani na chemchemi ziko chini ya miteremko, ndiyo maana vizazi vya wanawake vimepanda na kushuka na maji kichwani. Mahali bomba linapokauka au kisima cha mvua kinapokwisha, mzigo huo bado ni wa mama.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Baada ya hedhi kukoma, mifupa hupoteza uimara haraka zaidi kuliko zamani. Ni afadhali kwenda mara mbili na ndoo ya lita 10, au kumwachia kijana mwenye baiskeli. Anaponyanyua, akunje magoti na si kiuno. Wakati wa kutenganisha korosho na mabibo, akae kwenye kigoda, na kila baada ya nusu saa asimame ajinyooshe.

Wanaobangua korosho wakumbuke kwamba mafuta ya ganda huunguza ngozi. Mikono ipakwe mafuta au majivu kabla ya kazi, na kuoshwa vizuri kabla ya kushika uso au chakula.

Kinachoingia chunguni

Dawa nyingi za umri huu zinauzwa sokoni kwa bei ya mboga. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa madini ya kuimarisha mifupa. Mbaazi, kunde na choroko hutoa protini na kusaidia choo. Kisamvu na mboga nyingine za majani ziwe nyingi kwenye sahani, na ugali upungue kidogo. Bibo bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa; linatosha kuliwa hivyo hivyo kabla halijachachuka. Korosho za kukaanga bila chumvi, kiganja kimoja, ni bora kuliko andazi.

Chumvi ndiyo ya kuchungwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

Mkojo unaoponyoka

Kuna mama anayekwepa kucheka mbele za watu kwa sababu akicheka au kukohoa mkojo unamtoka. Wengi huona haya kusema, na wengine huacha kunywa maji, jambo linaloongeza maradhi ya njia ya mkojo.

Zoezi lake halina gharama. Abane misuli ya chini kana kwamba anazuia mkojo, ahesabu hadi tano, aachie. Afanye mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Anaweza kufanya akiwa anapepeta unga. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, si siku mbili. Kama mkojo unatoka mfululizo bila kukoma, asisubiri zoezi, aende hospitali.

Ukavu ukeni nao una msaada. Duka la dawa huuza kilainishi cha maji. Mume akielezwa mapema hatadhani kwamba amechokwa.

Kipimo kisichopaswa kungoja

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini. Mabadiliko yake ya mwanzo huonekana kwa kipimo cha siki, kinachochukua dakika chache, na yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba hedhi ikishakoma, eneo linalochunguzwa hurudi ndani na kipimo cha siki hakioni vizuri tena. Hapo huhitajika kipimo cha aina nyingine. Kwa hiyo mwenye miaka 30 hadi 50 asiseme atapima akizeeka. Anayeishi na VVU hutakiwa kupima mapema na kurudia mara nyingi zaidi.

Masasi ina Hospitali ya Mkomaindo, Ndanda ina hospitali ya misheni, na Newala ina hospitali yake. Mama aulize kwenye zahanati ya karibu huduma hiyo hutolewa wapi na siku gani. Safari hiyo hiyo apime presha na sukari. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, inahitaji matibabu hata kama kichwa hakiumi.

Zipo dalili ambazo haziwekwi kiporo: damu kutoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, damu baada ya tendo la ndoa, hedhi nzito inayomwacha na kizunguzungu, uchafu wenye harufu mbaya, uvimbe kwenye titi. Damu inayorudi si ujana unaorudi. Aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Fedha za mnada

Malipo ya korosho yakiingia, orodha ya nyumbani huwa ndefu: bati, sare za shule, deni la dukani. Nauli na kipimo cha mama viandikwe juu ya orodha hiyo, na baba ndiye aanze kuvitaja. Mtoto aliye Dar es Salaam akipiga simu na kuamkia, baada ya “marahaba mwanangu” aulize swali moja zaidi: “Mama, umelala vizuri? Umepima lini?”

Na mama aliyekwishapita njia hii amwambie mdogo wake na binti yake alichokiona. Anayefuata akishajua, joto la saa nane usiku halitamtisha, na damu isiyo ya kawaida hataificha.