NANI ANAHAMA: KURA AO DEPUTE?



Kila siku tunasikia wazee wakilalamika: "Depute tuliyemchagua alikuwa wa chama hii, leo iko katika chama ingine." Sisi wa darasa la sita tunasikia kilio yao, lakini tuko na ulizo: wazee wenyewe hawakuhama?

Mwaka wa 1960, Ituri ikiwa bado ndani ya provense ya Oriental, MNC ya Lumumba ilipata viti 58 juu ya 70 katika baraza ya provense. Kisha ikaja MPR, chama moja tu. Mwaka wa 1970 karata ya kijani ilisema ndiyo, nyekundu ilisema hapana. (Nani angeokota nyekundu mbele ya watu?)

Mwaka wa 2006 vita ilikuwa imetoka kupoa. Mashariki ilimpa Joseph Kabila kura nyingi mno, akamshinda Bemba kwa 58%. Watu walichagua amani, hawakuchagua PPRD. Lakini tangu Desemba 2017 mauaji yalirudi Djugu, na mwaka wa 2018 mtu wake, Shadary, hakufikisha 24% katika inchi nzima. Ile amani tunaingoja mpaka leo: usiku wa 1 Februari 2022, hapa kwetu katika kambi ya Plaine Savo, watu karibu 60 waliuawa.

Basi ndiyo, wazee walihama. Lakini walihama mbele ya sanduku la kura, kisha kungoja miaka.

Wadepute je? FCC ya Kabila ilikuwa na viti zaidi ya 300 juu ya 500. Desemba 2020 wengi wao walimwangusha Bibi Mabunda, mkubwa wa baraza na mwenzao, kwa kura 281 juu ya 200, halafu wakaingia Union Sacrée. Kijijini hakuna kura iliyopigwa katikati. Tena Katiba, artikle 110, inasema depute anayeacha chama yake kwa kusudi anapoteza kiti. Wao wako na jibu: "Si mimi nimehama, ni chama yangu yote imehama." Jibu la akili kweli, lakini kura zetu zilibebwa pamoja na mizigo!

Wadogo wetu, kampanye ya 2028 wakija hapa Bule na tishati na chumvi, pokeeni chumvi, kisha muwaulize neno moja: chama yako ikihama, utarudi kwanza kutuuliza, ao utafuata tu?