Skroli Haitaki Kioo

Wasee, nani aliwadanganya skroli ya hariri ya Kichina lazima ikae kwa fremu ya kioo? Mimi nililipa fundi pesa ya kodi, akakata ule mti wa chini ndio iingie. Kumbe huo mti ndio uzito unaoinyoosha! Wachina huitundika kwa uzi na msumari mmoja, baadaye wanaiviringisha na kuirudisha kwa sanduku, maana mwanga hufifisha hariri. Hata British Museum huonyesha ile yao maarufu inayosemekana ni ya Gu Kaizhi wiki chache tu kwa mwaka. Na wewe umeiacha dirishani tangu Januari, eti ya video. Mwenye nyumba hataki misumari? Ndoano ya kubandika inatosha, ukuta usiopigwa na jua. Vioo waachieni wenye picha za mahafali. Mimi sina.