Machale nayo ni hesabu

Wenzetu wa uchumi husema fedha iwekezwe kwa takwimu, machale tuwaachie wapiga ramli. Nadhani neno lenyewe hawalielewi. Mchuuzi wa jibini wa Masisi akisema roho yake inakataa safari ya leo, haoti. Nauli ya pikipiki imepanda tangu asubuhi, wauza maharage hawajaonekana sokoni, na jirani anayemsalimia kwa kirefu kila siku leo kajibu kwa mkato. Hizo ni data, ila hakuna aliyeziandika.

Tazama Walikale. Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha shughuli katika mgodi wake wa bati wa Bisie. Siku 6 baadaye waasi wa M23 wakaingia Walikale mjini. Bei ya bati sokoni London haimwonyeshi mtu hatari ya namna hiyo. Roho nayo haijui riba ya mkopo, kwa hiyo kikokotoo kibaki mezani. Lakini mchambuzi anayetumwa huko bila Kiswahili cha huko atasikia salamu tu, asitambue kuwa leo zimefupishwa. Somo hilo liko kitivoni kwetu, si kwao.