Haki ya Kuhama

Kwa miaka mingi mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu huko Marekani aliyethubutu kuhama chuo alikalishwa nje mwaka mzima bila kucheza. Mwalimu wake hakuguswa na sheria hiyo. Yeye aliweza kuaga leo, na kesho akaamrisha timu nyingine kwa mshahara mnono zaidi. Kijana wetu Hasheem Thabeet alicheza Connecticut enzi hizo, hata akachaguliwa wa pili na timu za kulipwa mwaka 2009. Lau angalitaka kuhama, naye angalikalishwa.

Sheria hiyo imevunjwa. Aprili 2021 NCAA, chama kinachotawala michezo ya vyuo, kiliruhusu mchezaji ahame mara moja bila kukaa nje; na Aprili 2024, baada ya kuburutwa mahakamani, kikauondoa mpaka huo wa mara moja. Tangu Julai 2021 mchezaji aliruhusiwa kulipwa na makampuni yanayotumia jina na sura yake. Julai 2025 vyuo vyenyewe vikaanza kuwalipa wanamichezo wao, kila chuo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza.

Wako wanaolia kwamba vijana wamekosa uaminifu. Twauliza: ni uaminifu gani huu unaodaiwa kwa mtumishi peke yake? Mwaka 2022 chuo kidogo cha Saint Peter's kilifika katika timu 8 za mwisho. Siku chache baadaye mwalimu wake, Shaheen Holloway, akahamia Seton Hall, na wachezaji kadhaa wakatawanyika. Hatukusikia mwalimu akiambiwa akae nje mwaka mmoja.

Lakini tusidanganyane, ndugu wafanyakazi. Mtu mmoja mmoja akihama peke yake, mwenye fedha ndiye anayepanga bei. Vyuo vidogo vimegeuzwa vitalu: mche ukishika mizizi, tajiri huja kuung'oa. Walter Clayton alilelewa Iona miaka miwili. Mwaka 2025 akaiongoza Florida kutwaa ubingwa. Mwaka huo timu 4 za mwisho zote zilikuwa zile zilizopangwa namba moja katika kanda zao, jambo lililopata kutokea mara moja tu, mwaka 2008.

Wachezaji wa Dartmouth waliliona hilo. Machi 2024 walipiga kura 13 kwa 2 kujiunga na chama cha wafanyakazi ambacho tayari kilikuwa na watumishi wa chuo chao. Chuo kikakataa kujadiliana nao. Desemba 31, 2024 chama hicho kikaondoa ombi lake, kwani Donald Trump alikuwa ameshinda uchaguzi na bodi ya serikali ya mambo ya kazi ilikuwa karibu kubadilika.

Vyuo vinavyolalamika kwamba wachezaji hawakai vingeanzia hapo: viketi mezani na wachezaji kwa pamoja, waandikiane mkataba wa miaka miwili au mitatu, wenye malipo yanayojulikana na masharti ya kuhama yaliyokubaliwa na pande zote mbili.